Gari la matairi ya kuokoteza na maana ya tawakkul

 

Wiki hii tunalo swali la dada yetu mmoja, mama wa watoto wanne, ambaye ameomba jina lake lihifadhiwe. Mumewe anamiliki gari aina ya Toyota Noah. Asubuhi gari hilo huwapeleka watoto shuleni, jioni huwarudisha wao na watoto wa majirani kutoka madrasa, na mara kwa mara huibeba familia nzima kutoka Dar es Salaam kwenda Tanga kumjulia hali bibi yao. Matairi yake manne ni ya chapa nne mbalimbali, na mawili kati ya hayo hayalingani na mengine hata kwa saizi. Kila tairi lilipopasuka, lilinunuliwa la mtumba lililopatikana siku hiyo kwa bei iliyowezekana. Dada anaeleza kwamba barabara ikiwa na maji, gari huvuta upande wa kushoto breki zinapokanyagwa. Alipomweleza mumewe hofu yake, alijibiwa kuwa mlinzi ni Mungu na kwamba hakuna ajali isipokuwa kwa kadari Yake. Sasa anauliza mambo mawili. Je, hofu yake ina msingi, au ni wasiwasi wa bure? Na je, akiendelea kulisema jambo hili, atahesabiwa kuwa anamuasi mumewe?

Wanazuoni wetu wametufundisha kwamba kitu hakitolewi hukumu kabla ya kujulikana kilivyo. Kwa hiyo tuanze na matairi yenyewe, kisha tuje kwenye dini na maelewano ya nyumbani.

Tairi hugusa ardhi kwa sehemu ndogo isiyozidi sana ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Maana yake ni kwamba gari zima, pamoja na baba, mama, watoto na mizigo, limeshikwa na barabara kwa viganja vinne tu. Kuondoka, kukata kona na kusimama kwa ghafla mtoto anapokatiza njia, vyote vinategemea viganja hivyo. Vikishika kwa nguvu sawa, gari humtii dereva. Kimoja kikishika na cha pili yake kikateleza, gari huvutwa na upande ulioshika. Hilo ndilo alionalo dada yetu mvua inaponyesha, ingawa breki zenyewe nazo huweza kuwa na kasoro na zinapaswa kukaguliwa pamoja na matairi. Jibu la swali la kwanza, basi, ni kwamba hofu yake ina msingi.

Ubavuni mwa kila tairi kuna maandishi ambayo wengi wetu hatuyasomi. Tuchukue tairi lililoandikwa 195/65R15 91H, saizi inayotumiwa na magari mengi ya aina ya Noah. Namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 ni asilimia, yaani kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya ule upana, takriban milimita 127. Herufi R inaonyesha kuwa nyuzi zake za ndani zimepangwa kwa mtindo wa radial, ule ambao kampuni ya Michelin ya Ufaransa iliuwekea hataza mwaka 1946 na ambao leo umeenea katika magari madogo yote. Namba 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 91 ni alama ya uzito, na maana yake ni kwamba tairi hilo laweza kubeba kilo 615. Herufi H inaonyesha kasi ya juu kabisa ambayo tairi limejengwa kuistahimili, nayo ni kilomita 210 kwa saa.

Sasa tuseme tairi la kushoto mbele limepasuka, na fundi akaleta la mtumba lililoandikwa 195/60R15 88H. Litaingia kwenye rimu bila shida, kwa kuwa namba 15 ni ileile, na anayetazama kwa mbali hataona tofauti. Lakini tukipiga hesabu, tairi la kwanza lina kimo cha milimita 634 na nusu kutoka chini hadi juu, na la pili lina milimita 615. Tofauti ni zaidi ya milimita 19. Katika kilomita moja tairi kubwa huzunguka takriban mara 502, na dogo takriban mara 518. Mizunguko 16 kwa kilomita yaonekana midogo, ila safari ya Dar es Salaam hadi Tanga kupitia Chalinze na Segera ni kilomita zipatazo 350, hivyo tairi moja litakuwa limezunguka zaidi ya mara 5,000 kuliko mwenzake wa upande wa pili.

Tofauti hiyo hubebwa na difu. Kazi ya difu ni kuyawezesha magurudumu ya kushoto na kulia kuzunguka kwa kasi zisizo sawa gari linapokata kona, kwa sababu gurudumu la nje husafiri mwendo mrefu zaidi. Barabara ikinyooka, vigia vidogo vya ndani hupumzika. Gari lenye matairi yasiyolingana halina barabara iliyonyooka: vigia hivyo hufanya kazi ya kona saa zote, mafuta yake hupata joto, na vyuma huchakaa kabla ya wakati. Katika magari yanayovutwa na magurudumu yote manne hasara ni kubwa zaidi, kwani mtambo unaounganisha mbele na nyuma nao hulazimika kupambana na tofauti hiyo. Ndiyo maana watengenezaji wa magari kama Subaru huagiza matairi yote manne yawe ya saizi moja na chapa moja, na yasitofautiane sana katika kuchakaa. Aliyeokoa bei ya tairi moja huja kulipia gia boksi nzima. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Pia iangalieni ile namba ya uzito. Tairi lenye 88 hubeba kilo 560, pungufu ya kilo 55 kuliko lenye 91. Gari likijazwa watoto wa madrasa, au magunia ya machungwa wakati wa kurudi kutoka Tanga, tairi hilo ndilo litakaloelemewa kwanza. Breki za ABS nazo hufanya kazi kwa kulinganisha mizunguko ya kila gurudumu, na gurudumu lenye tairi dogo huzipa habari isiyo sahihi.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa saizi ni moja na chapa ndizo tofauti, kuna ubaya gani? Hapa tutenganishe yaliyokatazwa na yanayovumilika. Chapa mbili za saizi moja zaweza kutofautiana kwa ulaini wa mpira, kwa mchoro wa meno unaoyasukuma maji pembeni, na kwa ugumu wa ubavu. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kwamba matairi mawili yanayokaa mkabala, kushoto na kulia, yawe ya chapa moja, mchoro mmoja na kiwango kimoja cha kuchakaa. Jozi ya mbele kuwa ya chapa moja na ya nyuma kuwa ya nyingine huvumilika katika gari linalovutwa na magurudumu mawili, maadamu saizi ni ile iliyoagizwa na mtengenezaji. Yapo pia magari machache ambayo mtengenezaji mwenyewe ameyapa matairi mapana zaidi nyuma kuliko mbele. Hayo yafuatwe kama yalivyoagizwa, wala yasifanywe hoja ya kuchanganya katika gari lisiloundwa hivyo.

Kanuni ya pili inawashangaza wengi. Ukinunua matairi mawili tu, mapya yafungwe nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Mafundi wengi huyafunga mbele kwa kuwa huko ndiko kwenye usukani. Lakini tairi la mbele likiteleza kwenye maji, dereva huhisi kupitia usukani, naye akipunguza mwendo gari hurudi njiani. Tairi la nyuma likiteleza, mkia wa gari huzunguka kuja mbele, na ni madereva wachache mno wanaoweza kuliokoa gari katika hali hiyo.

Kanuni ya tatu ni kuutazama umri. Ubavuni, baada ya herufi DOT, mwishoni huwa na tarakimu nne. Zikisomeka 2319, tairi lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa umehifadhiwa stoo: hukauka, hupata nyufa ndogo na hupoteza kushika. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka likishafika miaka mitano ya matumizi, na likitimiza miaka kumi tangu litengenezwe liondolewe hata kama meno yake bado marefu. Vilevile ndani ya mifereji ya tairi kuna vituta vidogo vya mpira. Meno yakichakaa hadi kulingana navyo, kina kilichobaki ni milimita 1.6 tu, na tairi hilo limeshakuwa kipara.

Lipo jambo jingine linalotuhusu sisi tunaotumia magari yaliyotumika kutoka Japani. Baadhi yake, na matairi ya mtumba yatokayo huko, huja na matairi ya majira ya theluji. Huandikwa STUDLESS ubavuni, au huwa na alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake. Mpira wake umefanywa laini ili ushike kwenye baridi kali. Kwenye lami ya Pwani saa nane mchana mpira huo hulainika kupita kiasi, huchakaa upesi, na gari huyumba kwenye kona. Kulifunga tairi la aina hiyo upande mmoja na la kawaida upande wa pili ni miongoni mwa michanganyiko mibaya kabisa.

Tairi la akiba lililo jembamba nalo lisisahauliwe. Limeandikwa lenyewe kuwa mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa, na hutakiwa upepo wa kPa 420, sawa na 60 kwa kipimo cha PSI. Limewekwa ili likufikishe kwa fundi. Wako ndugu zetu wanaotembea nalo miezi mitatu wakingoja mshahara, na hilo ni kuligeuza la dharura kuwa la kudumu.

Baada ya kuyajua hayo, tumrudie baba wa nyumba ile na hoja yake ya kadari. Kauli yake kwamba Mungu ndiye mlinzi ni ya haki, wala hakuna Muislamu anayeipinga. Tatizo ni mahali alipoiweka. Sote tunakijua kisa kilichopokewa na Imam Tirmidhi, cha mtu aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mungu, naye akaelekezwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Tawakkul ni kazi ya moyo, na kufunga kamba ni kazi ya mkono, na moja haiondoi nyingine. Qur'ani Tukufu nayo imetukataza kujitia wenyewe katika maangamizi. Anayejua kuwa tairi lake ni bovu, akalijaza gari watoto na kushika njia ya Segera wakati wa masika, huyo hajamfunga ngamia wake.

Kuna uzito mwingine. Ndani ya gari hilo wamo watoto wa majirani, ambao wazazi wao wamewakabidhi kama amana. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Brunei mwaka 1993, lilizijadili ajali za barabarani na kumfanya dereva kuwa mwenye kubeba dhamana ya madhara anayowasababishia wengine, isipokuwa pale panapotokea jambo lisilozuilika lililo nje ya uwezo wake. Kupasuka kwa tairi ambalo mwenyewe ameonywa mara tatu juu ya ubovu wake ni vigumu kuitwa jambo lisilozuilika. Na tunajua kwamba katika sharia, kuua kwa kukosea kuna diya na kafara, na kwa asiyepata mtumwa wa kumwacha huru, kafara yake ni kufunga miezi miwili mfululizo. Sheria ya nchi yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 nayo hairuhusu gari bovu kutembezwa barabarani. Sharia na sheria zimekutana hapa.

Ama swali lako la pili, dada yangu, ondoa shaka. Utii wa mke kwa mumewe uko katika mema, na nasaha ni sehemu ya mema hayo. Mama wa Waumini Ummu Salama (r.a.) aliishi na mbora wa waume wote. Siku ya Hudaybiyya, mwaka wa sita wa Hijra, maswahaba walipochelewa kusimama kuchinja na kunyoa kwa huzuni waliyokuwa nayo, Mtume (s.a.w.) aliingia kwake akamweleza. Alimshauri atoke, asizungumze na mtu, achinje mnyama wake na kunyoa mbele yao. Mtume akalifuata shauri hilo, na watu wote wakasimama wakafanya kama alivyofanya. Ikiwa yeye aliyepokea wahyi alisikiliza shauri la mkewe, ni mume gani wa leo atakayeona ni kupungukiwa heshima kusikiliza la mkewe kuhusu tairi?

Hata hivyo, nasaha ina adabu zake. Usimwambie mbele ya watoto wala mbele ya fundi. Mchagulie wakati ambapo hana haraka, ushukuru kwanza juhudi yake ya kuwahudumia, kisha umwombe mtoke pamoja msome maandishi ya matairi manne na kuyaandika kwenye karatasi. Namba zikiwa mbele yenu hazina mshindi wala mshindwa. Huenda mumeo anajua vyema hali ya gari, na jibu lile la kadari limefunika kitu kinachomuumiza zaidi, nacho ni kutokuwa na fedha. Mwanamume wengi wetu tunamjua hivyo: ni mwepesi kutaja kadari kuliko kukiri mbele ya mkewe kwamba mfukoni hamna kitu.

Kwa hiyo nasaha iende pamoja na mpango. Kwanza, saizi sahihi na kiasi cha upepo vimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Hata kikiwa kwa Kijapani, tarakimu husomeka, na kPa 220 ni sawa na takriban 32 za PSI. Pili, msitafute fedha za matairi manne kwa mara moja. Anzeni na jozi moja ya saizi sahihi, ifungwe nyuma, na yale mawili yaliyo bora na yanayolingana kati ya ya zamani yabaki mbele. Yakikosekana mawili yanayolingana, safari ya Tanga isubiri, bibi atasamehe. Na huku mjini mwendo uwe wa pole na watoto wa watu wasipakiwe mpaka jozi ya pili ipatikane. Tatu, wekeni kibubu cha gari, na kila wiki kitiwe kiasi kidogo kabla ya matumizi mengine. Gari linalobeba watoto wa majirani lina haki ya kuchangiwa na wazazi wao, na kuwaeleza ukweli si aibu. Nne, msikimbilie mikopo ya kausha damu. Kukimbia hatari ya barabarani na kuingia katika riba ni kutoka kwenye shimo moja na kutumbukia katika jingine.

Neno la mwisho ni kwa ndugu zetu mafundi na wauzaji wa matairi ya mtumba, ambao wengi wao ni wasomaji wa gazeti hili na hupata riziki ya halali kwa jasho lao. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la chakula, akakuta umajimaji chini ya kilichokauka juu, na akamkemea vikali muuzaji kwa kuificha kasoro. Tairi lililopasuka ubavuni likazibwa kwa ndani na kupakwa rangi nyeusi nje halina tofauti na rundo lile. Likiwa na kasoro, mwambie mnunuzi, na likiwa si la saizi ya gari lake, mwambie pia, hata kama hakuuliza. Mnunuzi naye ajue kwamba sharia imempa khiyari ya kurudisha kitu alichouziwa na aibu iliyofichwa. Fundi anayemkatalia mteja tairi lisilofaa hupoteza faida ya siku moja, na huenda akawa amehifadhi roho za watu asiowajua.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amfungulie baba huyo riziki pana, aidumishe mapenzi na maelewano katika nyumba ile, na awalinde wasafiri wetu wote wa nchi kavu na baharini. Wabillahi tawfiiq.